Dereva Hafi Kangeta

Kwenye ukuta wa ukumbi wa video wa Kangeta walichorwa wakubwa: yule wa misuli iliyopakwa mafuta, yule wa bunduki mbili, na yule wa mateke ambaye mchoraji alimpa macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Hao dunia nzima inawajua na mimi sina haja ya kuwaongezea sifa. Mimi niliwapenda wengine, wale ambao majina yao hupita mwishoni kwa herufi ndogo wakati watu wameshasimama na kuanza kutafuta mlango. Walipigana vizuri kama wale wa ukutani, na baadhi yao vizuri zaidi, halafu wakapotea na hakuna aliyewaulizia. Nikiwataja mbele ya walimu wenzangu hapa Runyenjes, wao hucheka. Mimi huwaacha wamalize kucheka, kisha naendelea pale pale waliponikatiza.

Kulikuwa na Mwalimu wa Zamu. Majina yao ya kweli hatukuyajua, kwa hiyo tuliwapa yetu. Huyu alikuwa Mchina mwembamba aliyetembea mikono mgongoni kama mwalimu anayekagua madarasa, na siku zote alikuwa msaidizi wa mkubwa wa majambazi. Alipigwa katika kila filamu na staringi, yaani yule shujaa ambaye kila mtoto wa Kenya anajua kwamba hafi. Lakini kabla ya kupigwa alimtoa staringi jasho, akamrusha juu ya meza, akamvunjia viti, na bado hakuwa amekunja shati. Nilisema nikiwa mtoto na nasema leo kwamba angepewa filamu moja tu ya kushinda, angeiweza.

Kulikuwa pia na Mama Mshipi, aliyevua mshipi kiunoni na kuwachapa nao wanaume wenye visu. Hakukaa kwenye kioo muda mrefu kuliko uji unavyochukua kupoa. Wasichana wa shule yetu tulivua mishipi ya sare na kufanya kama yeye, tukachapwa kwa mishipi hiyo hiyo na mwalimu mkuu.

Na kulikuwa na Dereva.

Dereva alikuwa Mzungu wa masharubu, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na kazi yake ilikuwa kumwendesha staringi. Staringi alipiga risasi dirishani, Dereva akashika usukani. Staringi alipopewa shukrani na msichana, Dereva alikuwa nje akikagua tairi. Mdomoni mwake kulikuwa na kijiti, na alikitafuna polepole kwa upande mmoja. Nadhani huko kwao kilikuwa kijiti cha kuchokolea meno tu. Kangeta hakuna aliyewaza hivyo. Sisi ni watu wa miraa, na mtu mwenye kijiti mdomoni na usukani mkononi tunamfahamu tangu tuzaliwe. Ukumbi mzima ulikata shauri kwamba huyu anatafuna, na kama anatafuna basi kuna mtu wetu anayempelekea. Wazee walibishana kuhusu shamba ambako miraa yake ilitoka.

Baba yangu alikuwa dereva wa pikapu ya miraa. Alipakia mzigo mchana na kuukimbiza Nairobi kuwahi ndege, na siku moja hakufika. Nilikuwa mdogo, sijaanza shule. Jeneza lililetwa nyumbani limefungwa, na wazee wakasema halitafunguliwa kwa sababu aliumia vibaya. Mama akaomba lifunguliwe, wakamkatalia kwa upole. Akaomba tena, wakamkatalia tena. Miaka yote iliyofuata, mtu akimtajia siku ile, Mama alisema, "Nilizika sanduku," na alilisema bila machozi, kama mtu aliyepeleka malalamiko kwa chifu na bado anangoja jibu.

Kazi ya Mama ilikuwa kuuza majani ya migomba. Miraa hufungwa kwa majani hayo ili isinyauke njiani, na wanawake ndio walioyaleta sokoni asubuhi yakiwa bado na umande. Hadi mchana Kangeta ilikuwa makelele matupu. Pikapu ya mwisho ikishaondoka, soko lilinyamaza, na wanaume waliobaki bila kazi waliingia ukumbini. Ukumbi ulikuwa wa Mwislamu mmoja muuza nyama, ambaye bucha lake lilikuwa jirani. Alikuwa na televisheni, deki, spika mbili na jenereta, na kwa muda alikuwa na kijana aliyefasiri filamu kwa Kimeru. Kijana huyo akaenda Nairobi kutafuta maisha. Watu wakabaki wanatazama Wazungu wakizungumza puani, hawaelewi kitu.

Siku moja Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akipumzisha miguu. Mwanamke aliyekuwa kando yake akamwuliza yule mtu amekasirikia nini. Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini aliulizwa, naye hakuwa mtu wa kukosa jibu. Akamweleza kwamba yule mwenye koti ameuza shamba la ndugu yake kwa siri. Mtu wa mbele akageuka kusikiliza, kisha mwingine, na kabla filamu haijaisha ukumbi wote ulikuwa umemkalia mkao wa kusikiliza. Kesho yake muuza nyama akamwekea kiti mbele na kumpa kipaza sauti. Tangu siku hiyo watu wakamwita Mama Video, na aliendelea kuuza majani asubuhi kama kawaida.

Nilimwuliza aliwezaje kufasiri lugha asiyoijua. Akasema maneno si kitu, tazama shingo. Mtu akidanganya shingo hukakamaa, na mtu akipenda huwa hajui aweke mikono wapi. Kwa shingo na mikono hiyo Mama alijenga filamu nzima. Jangwa lolote lilikuwa Isiolo. Theluji ilikuwa juu mlimani kwetu. Mahakama zote zilikuwa Meru mjini, na majambazi waligombania mashamba, mahari na urithi, na mambo hayo ukumbi uliyaelewa vizuri sana.

Siku Dereva alipopigwa risasi nilikuwepo. Walikuwa kwenye daraja, staringi ameshuka na kukimbia na sanduku, na Dereva akabaki kuwazuia majambazi kwa gari. Wakampiga. Akaegemea usukani, kijiti kikamdondoka mdomoni, na honi ikalia mfululizo. Watu walishika tama. Hata muuza nyama alisimama mlangoni na kisu chake mkononi. Mama akasema kwenye kipaza sauti kwamba Dereva amezimia, kwamba wanampeleka hospitali, na kwamba daktari wa huko ni mzuri.

Watu wakashusha pumzi. Na baada ya muda ikaletwa filamu nyingine, ya kampuni nyingine na staringi mwingine, na katikati yake akatokea yule yule mwenye masharubu, safari hii askari jela mwenye kovu shavuni. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Amepona! Mama akaeleza kwamba kovu ni la ile ajali ya darajani, na kwamba baada ya hospitali hakutaka tena kuendesha watu wasiojua kushukuru. Katika ile filamu aliuawa na wafungwa. Mama akasema amehamishwa kituo.

Ndivyo ilivyoendelea kwa miaka. Filamu ambazo hazikuhusiana hata kidogo zikawa maisha ya mtu mmoja, na Kangeta ikayafuata kama inavyofuata habari za mtoto aliyeenda mbali. Alioa. Alinyang'anywa mke, au pengine mke alirudi kwao. Wanawake sokoni hawakukubaliana. Alifanya kazi melini, alilinda benki, aliuza farasi. Muuza nyama alipokwenda Nairobi kununua filamu hakuuliza habari za wale wa ukutani. Aligeuza kila kasha kutafuta nyuma yake ile picha ndogo ya masharubu. Na kukawa na desturi ambayo sijaiona kwingine: filamu ikiisha, hakuna aliyeondoka mpaka mtu mmoja aulize, "Ameenda wapi?" Mama alitaja mahali, Maua au Nanyuki au Isiolo, na hapo ndipo watu walipoinuka kwenda makwao. Mimi nilikaa chini ya kiti chake, nikijisikia mtoto wa mtu mkubwa.

Kuna filamu moja tu ambayo hatukuwahi kuona mwisho wake. Ilikuwa na mvua nyingi, na ilipofika mahali fulani Mama alibonyeza remoti, kioo kikawa cheusi, akasema CD imekwaruzwa. CD nyingi zilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mtu aliuliza ameenda wapi, na Mama akasema Isiolo.

Nilipofika chuo Embu niliyabeba hayo yote kama mtu anavyobeba dini ya nyumbani. Jioni moja bwenini wenzangu wakawa wanaonyesha filamu ile ya daraja, na msichana mmoja wa Nairobi akasema yule dereva amekufa. Nikamwambia hajafa, atakuwa askari jela. Walivunjika mbavu. Wakanieleza, kwa upole wa watu waliokulia mjini, kwamba mwigizaji ni kibarua, kwamba leo anakuwa dereva na kesho askari, na kwamba huyu hata si mwigizaji wa maana. Niliona aibu, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi, hasa kwa hayo maneno ya mwisho. Nilikwenda nyumbani likizo na kumwuliza Mama kama alijua hizo filamu hazihusiani. Alikuwa akipanga majani. Akaniuliza bila kuinua kichwa nani amezichunguza zote akaona hazihusiani.

Miaka ikapita. Simu zikaja na ukumbi ukafa; sasa ni duka la mbolea. Nikawa mwalimu, nikapangiwa Runyenjes, nikajenga. Mama akabaki Kangeta na ndugu yangu mkubwa, hadi mwaka jana kiharusi kilipompiga akiwa shambani.

Alilazwa Embu. Mguu ulirudi kiasi, mkono wa kushoto ukarudi, wa kulia ukabaki mzito. Sauti haikurudi. Alitusikia, alitujua, alikasirika tulipozungumza juu yake kama hayupo, lakini akifungua mdomo ulitoka mlio mmoja tu, na baada ya siku chache aliona haya, akaacha hata huo mlio. Nilimchukua nikakaa naye kwangu, kwa sababu hospitali ni karibu na kwa sababu nilikuwa nimeamua. Mama Video hatafungwa mdomo na mshipa mmoja wa damu. Nilimwambia hivyo usoni, na yeye akanitazama kama anayesema tutaona.

Hospitalini alikuwepo dada mpole ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kusema upya. Alikuwa na kadi za picha: kikombe, kuku, kijiko, nyumba. Mama alizitazama mara moja akageuza uso. Nikazichukua kadi nyumbani, nikajaribu kila asubuhi kabla ya kwenda shule na kila jioni. Kikombe, Mama. Sema kikombe. Siku moja alikichukua kikombe chenyewe kwa mkono mzima akakiweka mbele yangu kwa kishindo, maana yake kama nakitaka sana nikichukue. Nilimrudia yule dada nikamwambia mama yangu ni mkaidi. Akacheka.

"Hii miezi ya kwanza ndio ya maana sana, madam," akaniambia. "Asinyamaze akazoea. Mtafute kitu yeye mwenyewe anataka kusema."

Hilo lilinikaa kichwani. Nilileta wanakwaya wa kanisa wakaimba nyimbo anazozipenda, naye akafumba macho akasikiliza, basi. Nilimletea dada yake kutoka Kangeta na umbea wa soko zima. Alicheka kwa macho lakini hakutoa neno. Ndugu yangu akaniambia nimwache mgonjwa apumzike, kwamba Mungu akitaka atasema. Nikamjibu kwamba Mungu hajanikataza kusaidia.

Kisha siku moja tulikuwa kwenye benchi hospitalini tukingoja zamu. Televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyesha filamu, sauti imefungwa, magari yakifukuzana. Mtu mmoja asiye staringi akapigwa, akaanguka kando ya gari. Mama akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo bado. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama watu wote kwenye benchi waliokuwa wakitazama kimya. Hakuna aliyekuwa akisimulia. Yule mtu alikuwa amelala pale chini na hakuna aliyesema amepelekwa hospitali gani. Kifua cha Mama kilipanda na kushuka, midomo ikacheza, na ule mlio ukatoka, mrefu, wenye hasira. Watu waligeuka. Mimi nilitaka kuruka kwa furaha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kangeta kwa yule muuza nyama. Amezeeka, na bucha analo mwanawe. Alinipokea kwa chai, akamwombea Mama dua, nikamwuliza filamu za Dereva ziko wapi.

"Si ziko kwa shamba," akasema. "Zinafukuza ndege."

Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye mtama. Filamu za utoto wangu zilikuwa zimening'inizwa kwa nyuzi juu ya vijiti, zikizunguka na kumetameta, na ndege walikuwa wamekaa hatua chache, wameshazizoea. Niliingia katikati ya mtama nikazishika moja moja. Jua lilikuwa limekula maandishi yote. Mzee alinisubiri pembeni, kisha akaniita karibu na mlango wa jikoni, ambako CD moja ilifungwa peke yake chini ya paa.

"Hii ndio ile ya mvua, mama yako alikuwa anazima," akasema. "Hii haikuwa na mkwaruzo, mwalimu. Aliniuliza kama naweza kunyamaza, nikanyamaza."

Nilimwuliza kuna nini mwisho wake. Akasema Mama ndiye wa kuniambia, kisha akakumbuka hali ya Mama, akatazama chini, akasema basi nijionee. Kwa sababu ya kivuli cha paa, nusu ya jina la filamu ilikuwa bado inasomeka.

Nilipeleka nusu hiyo Embu, kwa mwanamke mwenye kibanda cha kuuza muvi karibu na stendi. Hapo kwanza nilikuwa nimeshamwendea na maelezo tu: Mzungu, masharubu, kijiti, anaendesha gari, anakufa. Akanijibu kwamba wenye kuendesha gari na kufa ni wengi. Safari hii alikuwa na herufi za kushika. Nilikaa kwenye kibanda chake nikimpa makasha, nikimzuia kufunga, nikimnunulia chai, na akinitazama kwa jicho la kunitaka niondoke nilisogeza kiti karibu zaidi. Tulifungua filamu zisizo za Dereva moja baada ya nyingine. Mwishowe mvua ikaanza kunyesha kwenye kioo cha kompyuta, na ndani ya gari akawa amekaa yeye, masharubu yana mvi kidogo, kijiti mdomoni. Nilisema kwa sauti, "Huyo!" na watu wa stendi wakageuka.

Niliitazama yote siku hiyo hiyo, peke yangu. Ni filamu ya hovyo, sikatai. Staringi wake hajui kukimbia. Lakini Dereva aliigiza kama mtu aliyeambiwa kwamba hii ndiyo ya mwisho, na kwa kadiri nilivyoweza kupata, ilikuwa kweli ya mwisho. Anakufa katikati ya mvua, na hakuna ujanja wa kuzimia, kwa maana baadaye wanalileta jeneza, limefungwa, na mke wake anasimama mbele yake. Linashushwa kaburini huku udongo unaonekana wazi. Nilielewa kwa nini Mama alizima. Nililia, nikanawa uso, nikaenda nyumbani na ile filamu kwenye mkoba.

Ndugu yangu alikuwa amekuja kutuona. Nilimweleza nia yangu bila kumung'unya maneno, kwamba kesho baada ya kanisa nitamwonyesha Mama filamu yote, mpaka mwisho.

"Wewe utamuua," akasema. "Mama ni mgonjwa, ni mjane, unamwekea jeneza kwa TV?"

Nikamwambia Mama amekaa na lile jeneza miaka yote hiyo na halijamuua. Akasema mimi ni mwalimu na nimezoea kujaribia mambo kwa watoto wa wenyewe. Maneno hayo yalinichoma. Niliogopa pia, na sitajifanya sikuogopa. Daktari alikuwa ametuonya kuhusu presha. Lakini nilikuwa nimeiona ile midomo ikicheza pale kwenye benchi. Nilijua kuna jambo moja duniani ambalo mama yangu hawezi kuacha mtu mwingine alisimulie vibaya. Nikampigia simu yule dada wa hospitali, nikamweleza. Akaniambia nimpe Mama dawa kwa wakati, nimtazame, na nimwache yeye mwenyewe aamue kuendelea. Ndugu yangu akasema atakuwepo, ili awepo mtu wa kuizima.

Jumapili, baada ya kula mukimo, nilimkalisha Mama mbele ya televisheni na kumwonyesha picha ya Dereva kwenye kasha. Alishusha kidole juu ya yale masharubu. Nikamwuliza kama niwashe. Akainamisha kichwa, ndiyo.

Nilisimulia kwa Kimeru. Nilisimulia vibaya, kwa sababu najua Kiingereza na nilikuwa nikifasiri waliyoyasema, na kila nilipofasiri Mama alitikisa kichwa. Nikaacha kusikiliza maneno nikatazama shingo. Hapo akatulia. Nikasema yule mwenye kofia ameficha hati ya shamba, na kwamba Dereva anajua lakini ameapishwa. Mama alipiga goti lake kwa mkono wa kushoto, mara kwa mara, kama alivyopiga zamani akitaka ukumbi unyamaze. Ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, remoti kwapani.

Mvua ikaanza. Nikafika mahali ambapo kioo kilikuwa kinakuwa cheusi, na safari hii hakikuwa cheusi. Ndugu yangu akainua remoti. Mama alimwona, akamtolea mkono, kiganja wazi: ngoja. Dereva akafa barabarani. Jeneza likaletwa. Mama aliinama mbele, jicho halipepesi. Nilikuwa nimejiandaa kusema amezimia, au amehamishwa kituo, lakini jeneza lilikuwa pale na udongo ulikuwa pale, na sikuwa na uongo wa kutosha. Nikasema kwa sauti ndogo, "Wanamzika."

Mama akapiga meza kwa kishindo, vikombe vikaruka.

"Hayumo," akasema.

Ilitoka nzito, imepinda upande mmoja, lakini lilikuwa neno, na lilikuwa lake. Kwenye kioo waliendelea kushusha lile sanduku. Mama akameza mate, akalitafuta tena, akalipata, na safari hii akalisema akimtazama ndugu yangu, ambaye alikuwa mkubwa kuliko mimi siku ile ya jeneza la Baba na aliwasikia wazee wakimkatalia Mama.

"Hayumo humo."

Ndugu yangu aliketi chini kwenye zulia kama alivyokuwa akiketi ukumbini. Majina ya herufi ndogo yakaanza kupanda. Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta. Akauliza kwa Kimeru, kama ilivyokuwa lazima mtu mmoja aulize, "Ameenda wapi?"

Midomo ya Mama ilihangaika. Ilifunguka ikakosa, ikafunguka tena. Nilikaribia kumsaidia nikajizuia, nikabana mikono yangu katikati ya magoti. Shingo yake haikukakamaa hata kidogo.

"Isiolo," akasema.

Kisha akanyoosha mkono kwa ndugu yangu, akapewa remoti, akazima.